Kwa Nyanya Moraa, Kuhusu Paka Uliyemtafuta

Magokoro,

Nyanya, ni mimi Kemunto, mjukuu wako, niliyelala nawe kitanda kimoja mpaka nikaenda shule ya bweni. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoisikia sokoni tu, na najua ungecheka: "Tazameni, mtoto wangu ananiletea barua ya serikali." Lakini hii ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia. Kwa Kigusii ningekusikia ukinijibu kabla sijamaliza sentensi, nami ningeacha. Nimekwisha acha mara tatu.

Nina mtoto wa paka nyumbani kwangu. Naanza na hilo kwa kuwa ni jepesi.

Si paka wa kufugwa. Mama yake alikuwa mmoja wa wale paka waliorudi porini, wanaopita mashambani asubuhi na kutoweka mtu akikohoa. Alimzaa ndani ya ghala tupu la wimbi, kisha siku moja hakurudi. Aliyemwona mtoto ni mwenye ghala, na mwenye ghala ni Kerubo. Ndiyo, Nyanya. Kerubo mke mwenzako, ambaye nyumba yake iko hatua thelathini kutoka kwako, na ambaye ulikufa hujasema naye neno kwa miaka kadhaa. Ulikufa ukiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua paka wako.

Hakumuua. Ni mimi niliyemchukua.

Nimeandika. Sasa ngoja nieleze kwa utaratibu, maana nikiacha kalamu iende inapotaka, itanitafutia mahali pa kujificha.

Mwezi uliopita Kerubo alinitumia ujumbe niende kwake. Sikuwa nimeingia uani mwake tangu tulipokuzika. Nilimkuta mlangoni anapeta wimbi, na hakuinua uso. "Mwalimu," alisema, "unakaa peke yako huko Manga kama jiwe lililosahauliwa na mjenzi. Njoo uone." Akasukuma kifuniko cha ghala kwa mti, nikachungulia. Macho mawili yalikuwa chini kabisa, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko mwili wenyewe.

"Siku ya nne hii nampa maziwa," alisema. "Ameniuma mara mbili. Tabia zake kama za marehemu."

Alikuwa akikutaja wewe, Nyanya. Nilitaka kucheka, sikuweza. Kisha akasema neno ambalo halijaniacha: "Mchukue. Hapa kila mtu anajua kwamba mimi ni muuaji wa paka. Basi wakikuuliza umempata wapi, waambie Kerubo amekupa, tena mzima, na miguu yake yote minne."

Nikasema asante. Mimi, mwenye cheti cha ualimu, nilipata neno hilo moja. Nikamwomba siku mbili nitayarishe nyumba. Hapo ndipo aliponitazama. "Paka anatayarishiwa nyumba? Kweli mmesomeshwa."

Nilitayarisha, Nyanya. Nilikanda udongo na samadi nikaziba pengo lililo chini ya ukuta wa jikoni, nikapapasa ukuta wote kwa mkono kutafuta matundu mengine. Nilizipanga upya kuni ili zisimwangukie. Nikaweka mchanga na majivu katika debe lililokatwa, pembeni. Nikaning'iniza mafuta ya taa juu. Kisha nikashuka soko la Birongo kutafuta omena, wale dagaa wadogo, kwa yule mama wa kutoka ziwani. Nilipomwomba anipe vipande vilivyovunjika tu, alisema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, "Mwalimu siku hizi anakula vichwa!" Nikamwambia ni vya mgeni. "Mgeni gani huyo wa kupewa vichwa? Kesho utampa maji ya kunawa anywe!" Akanijazia jani zima bila kunitoza, akicheka mpaka na majirani zake wakacheka.

Nilihitaji sanduku la kumlaza. Nikaingia katika duka la Mhindi, lile la pembeni mwa soko, nikaomba sanduku tupu la sabuni. Akauliza la nini, nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, paka hapana lala mahali wewe nataka. Yeye nalala mahali yeye nataka."

Ningeondoka hapo. Sanduku lilikuwa mkononi. Lakini nilisimama, nikamuuliza kama anakumbuka paka mweupe mwenye mabaka meusi aliyeachwa nyuma ya duka lake miaka iliyopita. Nilitumaini atasema paka ni wengi, nani atawakumbuka. Alifikiri kidogo. "Ile nakumbuka," alisema. "Mke yangu napa maziwa, hapana kunywa. Siku tatu nalia mlangoni, naangalia barabara. Halafu kwisha, hapana ona tena." Alisema bila ubaya wowote. Hakujua anamwambia nani.

Nilipanda kilima na sanduku kichwani. Sikumbuki njia.

Sasa yale ya kwanza.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuwa darasa la mwisho. Wasichana wawili tu wangechaguliwa kwenda kusomea ualimu, na kabla ya kuchagua, bibi mmoja wa misheni alikuwa anapita nyumbani kwetu kuona kama tunaishi jinsi tulivyofundishwa. Katika daftari langu la usafi niliandika kwa mwandiko mzuri: Wanyama wasilale katika nyumba ya watu. Nikarudi likizo nikaona nyumba yako kama mtu ambaye hajawahi kuingia ndani yake. Kuku chini ya kitanda. Mbuzi nyuma ya kizuizi cha fito. Na paka wako kifuani kwako, akikoroma pamoja nawe. Mimi niliyelelewa katika joto hilo niliona haya.

Kuku niliwapeleka kwa mama. Mbuzi naye akaenda. Wewe hukunikataza. Ulisema tu, "Mtoto wa shule amekuja na upepo." Lakini paka alirudi mara tatu, akipitia chini ya paa. Asubuhi ya kutembelewa, ulipokwenda kupalilia, nilimtia kikapuni, nikamfunika kwa majani ya mgomba, nikamchukua mpaka Birongo. Nyuma ya duka lile nikafungua. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Alikaa, akageuza kichwa huku na huku, akitafuta nyumbani ni upande gani. Aliyekimbia ni mimi.

Mchana yule bibi alifika na mkalimani wake, lakini akaniuliza mimi mwenyewe kwa Kiswahili: kuna wanyama wanaolala humu? Nikasema hakuna hata mmoja, bibi. Na wewe, Nyanya, uliyekuwa umeketi kando umevaa nguo yako ya kanisani, ulinitazama usoni, ukaona ninataka kuungwa mkono, ukaitikia, "Eee, eee," ukitabasamu. Hukujua umeitikia nini. Mimi nilijua. Nimekuwa mwalimu kwa sababu ya "eee" hiyo.

Jioni ukaanza kumwita. Ulikuwa ukigonga mwiko kwenye ukingo wa chungu na kupiga ulimi, naye alikuwa akija hata akiwa mbali. Uligonga. Mimi nilikuwa nachochea moto. Nikasema, "Atarudi." Ukagonga tena kesho yake, na kesho yake.

Kwa nini ulimfikiria Kerubo, hilo nalo nalijua, kwa kuwa nilikuwepo. Wiki ile ile paka alikuwa amekula kifaranga chake, naye alikuja uani akipiga kelele: "Moraa! Mwambie mume wako yule mwenye mkia, akila kingine nitamchuna ngozi nijishonee kofia!" Nawe, ukiwa umeegemea jembe, ukamjibu, "Una wivu tu. Huyu angalau simgawani nawe." Mlicheka nyote wawili mpaka Kerubo akaketi chini. Babu alikuwa amekufa siku nyingi, na bado mlikuwa mkigombea mume huyo huyo kwa mizaha, kila siku, kama watu wengine wanavyosalimiana. Nilikua nikisikia matusi hayo. Ndiyo yaliyokuwa yakinionyesha kwamba kumekucha na kila mtu yuko salama.

Siku ya nne hukucheka. Ulikwenda mpakani ukasema, "Kerubo. Umefanya kweli?" Naye akadhani ni mchezo wenu ule ule. Akajibu kutoka ndani, bila hata kutoka mlangoni, "Nimemfanya kitoweo cha ugali wa wimbi. Nyama ngumu kama yako!"

Nilikuwa nyuma yako. Niliona mgongo wako ulivyobadilika.

Ningesema pale pale, yote yangeisha kwa kichapo na kicheko. Sikusema, kwa sababu majina ya waliochaguliwa yalikuwa hayajatoka. Yalipotoka, sikusema kwa sababu ulikuwa umekwisha kumwita Kerubo mchawi mbele ya watu, na kukuambia ukweli kungekuwa kukuaibisha wewe. Nilijifanya nakuhurumia. Halafu nikaenda chuoni, na kila nilipochelewa, kule kuchelewa kukawa sababu mpya. Unajua kwetu ilivyo: mke mwenza hashtakiwi mara mbili, mara moja yatosha kumhukumu. Walisema anayeua paka wa jikoni kwako anajaribu njia ya kukufikia mwenyewe. Wanawake wakaacha kusaga pamoja naye. Watoto wakakatazwa kuchukua ndizi mkononi mwake. Panya wakaingia katika mbegu zako za wimbi, na mwaka ule ulipanda nusu ya shamba, kwa kuwa zamani mlikuwa mkiombana mbegu ninyi wawili, na sasa hukuweza kumwomba.

Yote haya niliyasikia kwenye barua za nyumbani. Nilizijibu kwa kuuliza habari za mvua.

Kisha ukafa. Nilikuja. Walikulaza kaburini upande wa kushoto wa nyumba yako, kama inavyompasa mwenye nyumba mwanamke. Kerubo alikuja na kikapu cha unga kama mke mwenza anavyopaswa kuja. Mama mdogo Bosibori, mke wa ami, alimzuia kwenye upenyo wa ua. "Rudi na unga wako," alimwambia. "Unataka tuule, halafu tumfuate marehemu?" Kerubo akatua kikapu chini. Alisimama nje ya ua mpaka udongo wa mwisho ukamwagwa, na hakuutia hata konzi moja.

Mimi nilikuwa ndani, nimevaa viatu. Watu walinishika mabega wakisema pole, mwalimu wetu, pole. Niliviangalia viatu vyangu. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake na neno moja lingemwingiza. Nilivitazama tu, jinsi vilivyoshika tope.

Hayo ndiyo niliyoyafanya.

Sasa nirudi kwa huyu mdogo wa ghalani. Nilimleta kikapuni, na alinichana mkono toka kiganjani hadi kiwiko. Sanduku nililolitandikia sweta langu la shule hakulitazama. Alikwenda nyuma ya mtungi wa maji, kwenye unyevu, akajibana hapo. Mwenye duka alisema kweli. Nikiingia anatema mate. Nimejifunza kuketi nimempa mgongo, nikisahihisha madaftari, na hapo ndipo ninaposikia ulimi wake kwenye maziwa. Nikigeuka, hayupo. Wiki hii darasani nilifika kwenye somo lile la usafi, lile la wanyama. Nililipita. Nikawaambia wasichana tutaimba. Hata hapo sikuwa na ujasiri wa kusema neno lolote.

Na nikuambie jambo ambalo naona haya kuliko mengine. Siku zile nilipokuwa naziba matundu na kuponda omena, nilikuwa na furaha. Nilidhani nikimlea huyu vizuri, nikampa joto na chakula mpaka akanizoea, basi lile la zamani litakuwa limejifuta lenyewe, bila mtu kujua. Nilikuwa namtayarishia paka nyumba ili nisiende nyumbani kwa Kerubo. Siku ya saba aliponitemea mate, nilikasirika. Nikamwambia kwa sauti, "Baada ya yote niliyokufanyia?" Nikajisikia. Nikaketi chini sakafuni.

Jumapili, kanisa lilipotoka, sikurudi Manga. Nilikwenda kwake.

Alikuwa anachambua mboga. Sikuketi. Nilisema, "Magokoro Kerubo, paka wa nyanya ni mimi niliyemchukua. Nilimtupa Birongo." Mikono yake iliendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Moraa alijua?"

Nikasema hapana.

"Mpaka mwisho hakujua?"

"Hakujua."

Aligeuza jani moja la mboga ungoni, Nyanya. Nilisikia kuku wake wakiparura. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Nami nilimwambia nimemla." Akaweka ungo chini. "Nilidhani anacheza. Miaka yote hii nimekuwa nikiulaumu ulimi wangu. Nilisema, kama ningetoka nje nikaona uso wake, nisingejibu vile."

Nikapiga magoti, nikaomba anisamehe. Hapo alikasirika. "Inuka. Usiniletee mimi hiyo. Mimi nilijua sikuua paka, sikuhitaji mwalimu wa kuniambia. Wasiojua ni wale walionirudisha na unga wangu. Waambie wao. Tena waambie nikiwa nimesimama hapo, niwaone nyuso wakisikia. Ukisha, njoo, tutaona kama una magoti bado."

Nilipokuwa natoka akaniita. "Na yule, anakula?"

"Anakula nikimpa mgongo."

"Basi mpe mgongo. Usiwe na haraka naye."

Leo ni Jumamosi. Kwa ami kuna kuvuna wimbi, na ukoo wote umeitwa kusaidiana, Bosibori atapika. Kerubo nimemwambia, naye amesema atakuja na kisu chake cha kuvunia, kama mvunaji mwingine yeyote, na wathubutu kumzuia. Nitasema kabla chakula hakijapakuliwa, ili asiwepo wa kusema shibe ilimzuia kusikia. Nimejaribu kutafuta jinsi ya kusema bila kukugusa wewe, nimeshindwa. Watasema Moraa alimwonea mke mwenzake akafa na uongo mdomoni. Nitawaambia uongo ulikuwa wangu, wewe uliukuta tu. Lakini jina lako litaguswa, Magokoro, na huko uliko huwezi kujitetea. Naomba radhi kwa hilo pia. Yule bibi wa misheni naye nitamwandikia Jumatatu. Akitaka kuninyang'anya darasa, atakuwa na haki.

Naogopa. Si vizuri kuficha. Usiku sikula kitu. Naogopa hasa kwamba watanihurumia, waseme alikuwa mtoto, na mimi nikubali upesi. Nilikuwa na miaka kumi na sita siku ya kikapu. Siku ya kukuzika nilikuwa mtu mzima.

Haya ndiyo ninayokuahidi. Nitasema yote, na mlango wa duka lile pia. Nikipewa upole, sitaupokea kabla Kerubo hajapewa wake. Na akikubali, nitamleta kwako kwa mkono, mbele yao wote, hadi upande wa kushoto wa nyumba, nimtandikie mkeka, niondoke. Atakuwa na mengi ya kukuambia. Akikutukana, mwache amalize.

Kwaheri, Magokoro. Naenda sasa, kabla sijaanza kuiandika barua hii upya kwa maneno yatakayonipendeza.

Kemunto wako